Mwendo wa Ndoo Kichwani

Suhaila alizitazama zile sekunde kumi na tisa zaidi ya mara thelathini kabla ya kuziweka mtandaoni watu wazione, na mara zote hizo alichunguza jambo moja tu: kamera imetikisika au haikutikisika. Haikutikisika. Ilianzia kwenye mikono ya bi harusi, hina imekolea hadi kwenye viwiko, ikapanda polepole mpaka kwenye mtandio wa kijani uliomfunika uso, kisha ikaanza kumzunguka, mduara mzima, bila kushtuka hata pale mpigaji alipokanyaga mkunjo wa mkeka. Akatabasamu peke yake dukani kwake pale Mtambile, akaandika chini yake, "Kazi ya mkono wa mwanamke," akabonyeza. Ilikuwa Jumapili baada ya adhuhuri. Kufika alasiri alikuwa keshamvunjia heshima mtu aliyemfundisha kusoma.

Tusimfanye mjinga, maana hakuwa mjinga. Upande ule wa kusini mwa Pemba, mwanamke aliyeijua kamera kama Suhaila hakuwepo. Kabla yake, harusi zilipigwa mkanda upande wa wanaume tu: makanzu, sinia za pilau, shehe akisoma hutuba ya ndoa, basi. Kule ndani kwa kina mama hakukuingia kamera kwa sababu hakukuingia mwanamme, na huko ndiko harusi ilikokuwa harusi. Huko buibui huvuliwa, ninja za uso huwekwa kwenye mkoba, nywele hutoka nje zikapunga upepo, na bibi ambaye barabarani humjui hata rangi ya macho yake hufunga kanga kiunoni akawafundisha wasichana kucheza ngoma. Macho hayana pazia, wahenga wamesema, lakini kile chumba kilikuwa na pazia, na pazia lenyewe lilikuwa ni kuaminiana.

Alipoanza, miaka sita nyuma, watu walinung'unika. Mtoto wa kike na kamera wapi na wapi? Aliyewanyamazisha ni Bi Kazija, mwalimu wa chuo cha Kurani. Alisema mbele ya kina mama, kwa sauti ile ile ya kusahihishia Kurani, "Kilichokatazwa ni mwanamme kuingia. Yuno si mwanamme. Mwacheni afanye kazi yake." Hakuna aliyekuwa na la kuongeza, kwa kuwa nusu ya waliokuwepo walikuwa wamepita mikononi mwake na bado walimwogopa.

Na hata ule ufundi wenyewe, ukiufuata hadi mzizini, ulitoka kwa Bi Kazija. Suhaila alijifunza miendo ya kamera kwenye simu, kwa watu wa mbali waliokuwa na reli na vigari vya kuisukumia. Yeye hakuwa na reli. Alikuwa na miguu. Walimwambia kamera ielee, akakumbuka ndoo. Zamani watoto wa kike wa chuo walimtekea mwalimu maji, ndoo kichwani, haina kifuniko, na aliyefika mabega yameroa alirudi tena. Bi Kazija aliwaonyesha: magoti yalegee, nyonga ndizo zibebe, shingo isijue kama miguu inatembea. Suhaila aliichukua kamera, akaishika kifuani, akatembea kama anapeleka maji kwa mwalimu, na picha ikaelea. Hata alipokuja kununua mkono wa kamera, ule unaojisawazisha wenyewe, aliendelea kulegeza magoti. Mwendo huo aliuita mwendo wa ndoo. Ulikuwepo wa kumsogelea mtu, wa kupandisha kutoka miguuni hadi usoni, na wa kuzunguka, ambao ndio mgumu kuliko yote na ndio aliokuwa akijisifia.

Kwenye harusi ya Laila alizunguka. Laila ni binti wa Bimkubwa, na Bimkubwa ni mdogo wake Bi Kazija, kwa hiyo siku ile mwalimu alikuwa ndani tangu asubuhi, mwenye shughuli. Bi harusi alikalishwa mbele ya kabati la milango mitatu, na mlango wa kati ulikuwa kioo kitupu. Suhaila alikiona kioo. Jambo hilo alikuja kulikiri baadaye, na ndilo lililomuuma: alikiona, na alikifanyia hesabu. Mpiga picha anayejionyesha kwenye kioo chake mwenyewe ni kichekesho, wenzake wangemcheka. Basi alipofika pale alijikwepesha kidogo, akainamisha bega, akalaza kamera upande, akapita. Hakuonekana hata ncha ya kidole. Nyuma yake ngoma ilikuwa imechanganya, vigelegele vimepanda, wanawake wanacheka, na yeye hakugeuka kutazama wanacheka nini, kwa sababu ukigeuka mduara unavunjika.

Ruweida ndiye aliyekuja kumwambia. Walisoma chuo pamoja, na sasa Ruweida alikuwa na duka la vitambaa upande wa pili wa barabara. Alivuka bila kutazama gari.

"Suhaila, utoe ule mkanda wako."

"Nini?"

"Utoe kwanza. Halafu tizama kioo."

Akatazama kioo. Baada ya mara thelathini na kitu, ndiyo kwanza akakiona kilichokuwemo. Sekunde tatu: Bi Kazija, kichwa wazi, nywele za mvi zimesukwa mbili kuliani na mbili kushotoni, kanga kiunoni, mikono juu, amefumba macho, anacheza. Anacheza vizuri, na hilo lilizidisha ubaya. Kiuno cha mwanamke wa miaka sitini na tatu, kimelegea, kinakwenda na ngoma, mbele ya dunia nzima.

Suhaila aliufuta pale pale.

"Ushachelewa," Ruweida akasema. "Mie nimetumiwa na mtu wa Wete, na wa Wete kaupata kwa mtu wa Gando. Wameshakata pale penye kioo tu. Wameukuza, wameupunguza kasi, wametia na wimbo."

La kwanza lililomjia Suhaila, na hili nalo tumseme, lilikuwa la kujiokoa. Wanaume hawaijui sura ya Bi Kazija, alijiambia, yeye haendi popote bila ninja. Watamjuaje? Ni bibi tu anayecheza. Lakini mbele ya watoto wa chuo Bi Kazija alikuwa akifunua uso ili wamwone ulimi unavyokwenda kwenye herufi. Mtoto mmoja tu alitosha. Alichukua simu ya mama yake, akaona, akasema kwa furaha yake ya kitoto, "Mwalimu huyo!" Kufika magharibi, barazani walikuwa wakiuliza ni yule anayefundisha Kurani?

Jumatatu mlango wa chuo haukufunguliwa. Mwalimu anaumwa, waliambiwa watoto. Jumanne vile vile. Zaidi ya watoto hamsini walizurura na misahafu kifuani, na wawili watatu walikuwa wakicheza njiani mikono juu, macho wameyafumba, wenzao wakianguka kwa kicheko. Suhaila aliwaona kutoka dukani. Alitaka kuwafokea, akakumbuka kwamba hana uso wa kumfokea mtu.

Aliandika ujumbe mrefu akaufuta. Akaandika mfupi akaufuta. Mwisho akaenda kwa Bimkubwa, akidhani mdogo mtu atamtengenezea njia. Bimkubwa alikuja mlangoni akasimama hapo hapo, hakumkaribisha.

"Mie sina la kusema na weye," akasema. "Mwanangu kaolewa, alhamdulillahi, na harusi yake inachekwa hadi Unguja. Ukitaka radhi ya Kazija, nenda mwenyewe. Radhi haitumwi mtu."

Jumatano asubuhi akaenda. Alivaa buibui, akapita njia ya nyuma penye majamvi ya karafuu, akijua kuwa waliokuwa wakizianika wamemwona na wamenyamaza. Bi Kazija alikuwa ukumbini, kwenye mkeka, akichambua mchele kwenye ungo.

"Hodi, Mwalimu."

"Nani?"

"Suhaila."

Kupitia pazia alimwona Bi Kazija akiweka ungo chini, akivuta mtandio kutoka begani, akajifunika kichwa. Kwa Suhaila. Kwa mtoto ambaye yeye mwenyewe alimkata kucha na kumfuta kamasi, mwanamke mwenzake, akajifunika. Suhaila alisimama na kiatu kimoja mkononi na hakujua kama aingie au arudi.

"Karibu. Kaa kitako."

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba."

Mchele ukaendelea kuchambuliwa. Suhaila alikuwa amepanga maneno njia nzima, na sasa yalikuwa yametawanyika kama kuku.

"Mwalimu, nimekuja kutaka radhi. Nimekukosea. Sikukusudia, lakini nimekukosea."

"Najua umejia hilo." Bi Kazija alitoa jiwe dogo, akalitupa kando. "N'na suali. Mie mkanda wenyewe sijauona, nimehadithiwa tu. Wanambia naonekana ndani ya kioo."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Na weye uliyeshika kamera, kwenye kioo ulikuwa wapi?"

Suhaila angeweza kusema sijui. Bi Kazija asingejua miendo ya kamera, asingeweza kumkamata. Lakini sauti ilikuwa ile ile ya utotoni, inayongoja.

"Nilijikwepesha," akasema. "Mpiga picha hatakiwi aonekane. Ni aibu ya kazi. Nililaza kamera upande nikapita."

Bi Kazija akaacha kuchambua. "Basi ulijua kuwa kile kioo chaona."

Suhaila aliinama akatazama mkeka, na machozi yakamtoka, na hakuona haki hata ya kuyafuta. Alikuwa amejisitiri yeye, akamwacha mwalimu wake. Jambo lenyewe lilikuwa jepesi kiasi hicho, na siku tatu nzima alikuwa amejidanganya kwamba ni bahati mbaya.

"Chuoni," Bi Kazija akasema, "aliyemcheka mwenzake alipokwama, nilimfanya nini?"

Suhaila alikumbuka. Alikuwa na miaka tisa, Ruweida kakwama kwenye neno, yeye akacheka. Bi Kazija hakuchukua bakora. Alimsimamisha mbele ya chuo kizima, asome pale pale alipokwama mwenzake, peke yake, kwa sauti. Akakwama neno lile lile. Tangu siku hiyo hakumcheka mtu kwa kusoma.

"Ukimsimamisha asome yeye."

"Basi simama."

Akasimama.

"Simu yako hiyo, nambia pa kubonyeza. Na uifungue isinidai namba."

Suhaila akaiondoa namba ya siri. Akamwonyesha alama nyekundu. Bi Kazija akaishika simu kwa mikono miwili, karibu na mapaja, kama mtu aliyeshika msahafu.

"Vua buibui. Na mtandio. Mie sikuwa n'na mtandio. Haya, cheza."

Miaka sita Suhaila hakucheza kwenye shughuli ya mtu. Alikuwa yule anayepita pembeni, magoti yamelegea, anayewaona wote na haonekani na yeyote. Sasa alisimama katikati ya ukumbi mchana kweupe, nywele hazikuchanwa, dera limechanika kwapani, na hakujua mikono aiweke wapi. Bi Kazija akaanza kuimba, polepole, wimbo ule ule uliopigwa siku ya Laila, maana bila wimbo mtu hachezi. Suhaila akageukia ukuta, akafumba macho, akacheza. Alicheza vibaya. Kiuno kilikuwa kigumu, pumzi zilimwishia, jasho likamshuka mgongoni, na muda wote alihisi lile jicho dogo la simu likimpanda kutoka kisiginoni hadi kisogoni, kama alivyowapandisha wanawake wa watu mamia kwa mamia. Alitamani ardhi ipasuke.

"Basi. Vaa."

Alivaa. Mtandio aliuvaa kinyume, hakujua.

"Simu yabaki pano mpaka Ijumaa," Bi Kazija akasema, akaurudia ungo wake.

Siku mbili zile Suhaila hakuzisahau. Hakuwa na hofu ya biashara, ingawa wateja walikuwa ndani ya simu ile. Hofu yake ilikuwa moja: simu imefunguliwa, haina namba, imekaa kwenye nyumba inayoingia na kutoka watu. Laila angekuja kumwamkia mama yake mkubwa. Wapwa wangeishika. Kubonyeza mara mbili tu kunatosha, alijua yeye kuliko mtu yeyote. Alhamisi wanawake wawili walipita mbele ya duka wakicheka, akaingia nyuma ya pazia akakaa sakafuni hadi walipopita. Walikuwa wakichekea mambo yao. Pale sakafuni ndipo alipofahamu Bi Kazija amekuwa wapi tangu Jumapili, na kwamba yeye Suhaila angetoka humo Ijumaa na mwenzake asingetoka.

Ijumaa baada ya sala akaenda. Simu alipewa mlangoni, imefungwa ndani ya kitambaa cheupe.

"Radhi nimekupa," Bi Kazija akasema. "Mbele ya Mungu sikudai kitu. Nenda."

Hakuifungua njiani. Aliifungua dukani, mlango ameurudisha. Mkanda ulikuwa wa dakika moja na nusu. Ulionyesha mkeka, na juu ya mkeka miguu miwili, mpaka kwenye vifundo, na pindo la dera likipita na kurudi. Zaidi ya hapo hapakuwa na kitu. Uso haukuwemo, wala nywele, wala kile kiuno kigumu. Kamera haikusogea hata mara moja, haikupanda, haikuzunguka. Bi Kazija aliishusha tangu mwanzo akaishikilia hapo hapo mpaka mwisho. Na juu ya ile miguu ilisikika sauti yake, ya kizee, ikiimba kwa upole, ikimngoja mwanafunzi kila alipopotea ngoma.

Suhaila aliona aibu kuliko alivyoona alipokuwa akicheza. Alipokuwa akicheza alidhani anaadhibiwa, na kumbe mwenzake alikuwa akimsitiri.

Jumamosi chuo kilifunguliwa. Watoto walirudi na Bi Kazija alifundisha kama kawaida, ila sasa ninja haikutoka usoni. Herufi alizitamkia nyuma ya kitambaa, na wale wadogo waliinama kutazama chini yake wapate kuona ulimi.

Wiki tatu baadaye palikuwa na shughuli Mgogoni, kwa watu wa ukoo wa Bi Kazija. Suhaila alidhani hataitwa, akaitwa. Baadaye alisikia kuwa wenye harusi walikuwa wamekataa, na kwamba Bi Kazija aliwaambia wamwite. Alifika mapema, akaomba kanga kwa mwenye nyumba, akafunika kioo cha kabati yeye mwenyewe, pembe zote nne, akazibana kwa vibanio vya nguo. Kisha akaanza kazi. Alipoinua kamera na kuipitisha chumbani, polepole, kutoka mkono wa kushoto kwenda wa kulia, aliwaona. Wa kwanza alivuta mtandio akajifunika, kisha wa pili, kisha wa tatu, mkeka mzima, mmoja baada ya mwingine, kila kamera ilipofika. Wengine hata walimtabasamia. Suhaila akaishusha, akaifunga kwenye stendi yake ya miguu mitatu, akaielekeza kwenye mikono ya bi harusi, akaiacha hapo.

Bi Kazija alikaa karibu na mlango wa uani. Buibui hakuvua. Ninja hakufunua, na chumba kilikuwa cha moto hadi wanja unawachuruzika wenzake. Ngoma ilipoanza, wanawake walimwita. "Mwalimu, inuka. Mwalimu, wangoja nini?" Alitikisa kichwa. Wakamwita tena, akawafanyia ishara ya mkono kwamba mgongo unauma, wakamwacha.

Katikati ya wimbo wa tatu, ule ule wa Laila, Suhaila aliinama kuokota kifuniko cha kamera na macho yake yakafika chini. Pindo la buibui la Bi Kazija lilikuwa limepanda kidogo. Mguu mmoja ulikuwa nje, mtupu, hina ya zamani kwenye kucha, na ulikuwa ukicheza. Kisigino kikikaa, vidole vikinyanyuka, vikirudi, vikinyanyuka, ngoma nzima imo mle, na juu yake mwili wote umetulia kama uliomo msikitini.

Alijua la kufanya. Mikono ilijua kabla yake. Aanzie pale kwenye kucha, karibu kabisa, ngoma isikike, kisha apande taratibu kwa mwendo wa ndoo, buibui jeusi, jeusi, jeusi, mpaka kwenye macho. Uso usingeonekana wala jina lisingejulikana. Katika maisha yake hakuwahi kupata picha kama ile, na magoti yake yalikuwa yamekwishalegea.

Akazima kamera. Akaitoa kwenye stendi, akaitia mkobani, akavuta zipu. Akavua mtandio wake, akaenda akakaa kitako kando ya Bi Kazija, mgongo kaupa mlango, akatazama mbele kama watu wengine.

Bi Kazija hakumgeukia. Mguu uliendelea kucheza mpaka wimbo ulipokwisha, kisha ukarudi chini ya buibui, na wimbo wa nne ulipoanza wanawake wote waliinuka, na yeye hakuinuka.